UKURASA WA NYUMBANI: Mtoto Aliaye Hata Akakata Pumzi

Katika misukosuko ya watoto wadogo liko jambo moja ambalo kwa kawaida halimwui mtoto wala halimwachii kilema, na hata hivyo lawatetemesha wazazi kuliko homa ya siku tatu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameshika kisu cha jikoni, mama amnyang'anya. Mtoto apanua kinywa, alia kilio kimoja au viwili, kisha sauti yakatika. Kinywa ki wazi, lakini hapana sauti wala hewa iingiayo. Midomo yageuka rangi ya zambarau, uso wafuata, macho yapinduka juu, na mwili walegea kama kitambaa kilichorowa, au pengine wakakamaa na mgongo ukapindika nyuma. Mama apiga ukelele, majirani waingia uani. Huyu amwaga maji, yule asoma, mwingine amekwisha kwenda kuita bajaji. Na kabla bajaji haijafika mtoto avuta pumzi, aangaza macho, na baada ya dakika chache ataka kisu kile kile.

Katika mitaa ya Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, ambako nyumba moja hukaa wapangaji wengi na uani ni mmoja, jambo la namna hii halibaki kuwa la baba na mama. Lawa la nyumba nzima, na kila mtu ana jina lake la kulipa. Mmoja asema ni degedege; wa pili asema ni kifafa; wa tatu anong'ona habari za jini au jicho baya; na haikosi mama mkwe atakayesema kuwa mtoto alilizwa makusudi. Mama mwenyewe, ambaye ndiye aliyeona uso wa mwanawe ukigeuka rangi, hubaki akijiuliza kama alikuwa karibu kumwua mtoto kwa ajili ya kisu. Kwa hiyo twaona yafaa mwezi huu tulieleze jambo hili kwa urefu, maana likijulikana vizuri nusu ya balaa yake huondoka.

Kwanza na ijulikane kuwa mtoto hafanyi hivyo kwa kusudi. Watu wengi hudhani amejizuia pumzi ili awatishe wazazi, na kwa dhana hiyo wako wampigao akizinduka. Mtoto wa umri ule hana hila hiyo, na hata angekuwa nayo asingeweza kujizuia hata azimie. Linalotokea ni hili: mtu aliapo hutoa hewa kifuani. Mtoto huyu, kwa ghadhabu au uchungu, hutoa hewa yote hata kifua kikawa kitupu, na hapo mishipa ya fahamu iendeshayo pumzi na moyo bila ya amri yetu yamkatalia kuvuta hewa mpya. Oksijeni ndani ya damu hupungua upesi sana kwa mtoto mdogo, na damu isiyo na oksijeni hupoteza wekundu wake. Ndiyo sababu midomo yawa ya samawati. Ubongo ukikosa oksijeni ya kutosha mtoto huzimia, na akiisha kuzimia mwili hurudia desturi yake ya kupumua. Yote hayo kwa kawaida hayatimizi dakika moja, ingawa kwa mama aliyemshika mtoto mikononi dakika hiyo ni kama usiku mzima.

Iko namna ya pili, isiyotokea mara nyingi kama ile ya kwanza. Hiyo haianzi kwa hasira bali kwa mshtuko: mtoto amejigonga kichwa kidogo mlangoni, au ameanguka kutoka kwenye jamvi, au mtu amemshtua ghafla. Pengine hata halii. Hushusha pumzi, uso wake wawa mweupe kama aliyetokwa na damu, jasho jembamba lamtoka, naye huanguka. Hapa kosa si la pumzi hasa bali la moyo, maana mshipa wa fahamu ushukao kutoka ubongoni hadi kifuani umeuamrisha moyo uende polepole, na mara nyingine usimame kwa sekunde kadha wa kadha. Huku ni kuzimia kwa namna ile ile impatayo mtu mzima aonapo damu au asimamapo juani muda mrefu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani vizuri usoni. Utazame midomo, ufizi na viganja.

Watoto wapatwao na mambo haya si wachache. Madaktari wawili wa Marekani, Lombroso na Lerman, mwaka 1967 walitangaza habari za watoto 225 waliowafuatia kwa miaka mingi, na kwa hesabu yao ni watoto kama watano katika kila mia. Huanza zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili. Wengine hupatwa mara moja kwa mwezi, wengine mara kadhaa kwa siku. Na karibu wote huacha kabla ya kutimiza miaka sita au saba. Si jambo liletalo kifafa, wala halipunguzi akili ya mtoto. Jamaa za watoto hawa, wakiulizwa, mara kwa mara huonekana kuwa baba, au mama, au mjomba alikuwa vivyo hivyo udogoni. Basi kabla ya kumtafuta mchawi nje ya nyumba, yafaa kwanza kumwuliza bibi habari za utoto wa baba.

Sasa tuje kwenye degedege, kwa kuwa hapa ndipo watu wa pwani yetu wachanganyapo mambo, na kuchanganya huku kuna hatari pande zote mbili. Degedege la kweli ni mtukutiko umpatao mtoto mwenye homa, na katika nchi yetu homa hiyo mara nyingi ni malaria, ambayo ikipanda ubongoni huua kwa saa chache. Wazee walisimulia kuwa degedege huletwa na ndege au shetani apitaye juu ya nyumba. Wakamfukiza mtoto kwa moshi wa kinyesi cha tembo, au wakamwagia mkojo, na wengi walishika kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Watafiti waliokwenda vijiji vya Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliyakuta mambo haya yakiaminiwa na kutendwa. Sisi hatuwacheki wazee. Mkojo ulimpoza mtoto mwenye homa kama maji yafanyavyo, na katika zama ambazo hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili mtu hutumia alicho nacho. Lakini leo mtu wa Mbagala ana zahanati karibu naye, na kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa muda wa kama robo saa kwa tone moja la damu.

Tazama jinsi kosa lizaavyo kosa. Mtoto aliyekata pumzi kwa kilio akiitwa wa degedege, hufukizwa moshi, na kwa kuwa atazinduka mwenyewe katika nusu dakika, moshi hupata sifa isiyo yake. Jirani aona, akumbuka. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiisha kujaza mbu mitaani, mtoto wa jirani huyo apatwa na degedege la kweli, naye amfukiza moshi ule ule uliomponya yule wa kwanza, asubiri, na saa zapita. Mtoto ambaye angalipona kwa dawa azikwa kesho yake. Kwa hiyo kuzitambua hali hizi mbili si jambo la elimu ya vitabu tu.

Na kuzitambua si kazi ngumu. Ulizeni mambo mawili: Je, mwili ulikuwa na homa? Je, nini kilitangulia? Kwa mtoto akataye pumzi, daima kuna sababu iliyotangulia: kanyang'anywa kitu, kakatazwa, kaanguka, kashtuka. Kisha huja kilio, kisha rangi hubadilika, na mtukutiko, kama upo, huja mwisho kabisa na ni wa sekunde chache. Kwa mwenye kifafa mpango wapinduka: mtukutiko huja kwanza bila ya kilio na bila ya sababu, hata usingizini, na rangi hubadilika baadaye, tena baada yake hulala usingizi mzito au hubaki amepumbaa kwa muda mrefu. Mtoto mwenye homa aliyetukutika apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana, wala isingojwe asubuhi.

Wako na watoto wengine ambao daktari hana budi kuwaona bila ya kuchelewa, hata kama hawana homa. Huyo aliye chini ya miezi sita. Huyo azimiaye akiwa anakimbia au anacheza, pasipo kulia wala kushtuka. Huyo ambaye katika ukoo wake kijana mwenye afya aliwahi kufa ghafla. Hao yawapasa kupimwa moyo kwa mashine, kwa sababu yapo maradhi ya mwendo wa moyo yanayojificha nyuma ya kuzimia. Na mtoto yeyote ambaye dakika yapita hajavuta pumzi, au aliyekuwa akitafuna karanga au kuchezea ushanga kabla ya kugeuka rangi, msimdhanie kuwa ni wa hasira. Huenda amepaliwa, na aliyepaliwa hutakiwa kusaidiwa papo hapo.

Je, mtoto akikata pumzi tufanye nini? Jibu latuudhi sisi wazazi, maana twapenda kufanya jambo: yatakiwa kufanya machache sana. Mlaze chini ubavu, mahali pasipo jiwe wala ukingo wa kitanda, ili mate yatoke na ulimi usizibe njia. Kaa naye. Tazama saa. Basi. Usimtikise, kwa kuwa kichwa cha mtoto mdogo kikitikiswa kwa nguvu mishipa ya damu ndani yake yaweza kupasuka, na hiyo ndiyo itakayomletea kilema ambacho kukata pumzi kusingemletea. Usitie kijiko wala kidole kinywani. Usimmwagie maji usoni, yakaingia kifuani pale avutapo pumzi ya kwanza. Wala asinyweshwe kitu chochote maadamu hajitambui: si maji ya sukari, si dawa ya miti, na wala si kombe.

Tumelitaja kombe makusudi, maana tumewasikia wasemao kuwa mwandishi akatazaye kombe akataza baraka. Hatukusema hayo. Mzazi Mwislamu kumwombea mwanawe dua ni jambo jema, naye aweza kuisoma akiwa amemkalia ubavuni, tena dua hiyo itamtuliza yeye mwenyewe, jambo ambalo lina faida yake. Lakini kinywaji cha namna yoyote kikitiwa katika koo la aliyezimia hushuka mapafuni. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza watu watafute matibabu. Hatujui ilikotoka rai ya kwamba mwenye kwenda kwa daktari amepungukiwa na tawakali.

Sasa tufikie jambo ambalo wengi hawajalisikia, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Watoto wengi wakatao pumzi wana upungufu wa madini ya chuma katika damu. Mwaka 1997 madaktari wa Yordani walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya watoto 67 wa namna hii. Watoto 33 walipewa dawa ya chuma, na 34 wakapewa dawa ya bandia isiyo na kitu ndani yake. Katika wale waliopewa chuma, zaidi ya nusu waliacha kabisa kukata pumzi, na wengine wengi walipungukiwa sana. Kwa jumla waliopata nafuu walikuwa kama 88 katika kila mia. Katika wale wa dawa ya bandia hakuacha kabisa hata mmoja, na waliopata nafuu hawakufika sita katika mia. Sisi ambao tumezoea kusikia kuwa mtoto huyu dawa yake ni fimbo, na tuitazame hesabu hiyo.

Hesabu hiyo yatuhusu sana, maana uchunguzi wa afya wa taifa letu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa watoto 58 katika kila mia, wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano, walikuwa na upungufu wa damu. Sababu tunazo majumbani mwetu. Malaria huvunja damu. Safura huinyonya. Uji mweupe wa sembe tupu hauna chuma cha kutosha. Na iko desturi ya mitaani ya kumpa mtoto wa mwaka mmoja chai ya rangi asubuhi na jioni, tena pamoja na chakula, ilhali chai hukizuia chuma cha chakula kisiingie mwilini. Maziwa ya mama ni neema, na Qur'ani imetaja miaka miwili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Lakini baada ya mwezi wa sita maziwa peke yake hayamtoshelezi mtoto kwa chuma, naye ahitaji chakula juu yake. Maini kidogo yaliyopondwa, dagaa waliosagwa na kutiwa katika uji, maharage, kunde, mchicha, matembele, pamoja na tone la ndimu au kipande cha chungwa ambacho huusaidia mwili kukichukua chuma cha mboga. Dagaa wapatikana kila soko, na si lazima mtu awe tajiri.

Lakini mtu asitoke hapa akakimbilia duka la dawa kununua chuma. Hili nalo lina kisa chake, tena cha kwetu. Kisiwani Pemba, katika miaka ya 2002 na 2003, maelfu ya watoto wadogo walipewa chuma na foliki kila siku ili ionekane kama watapata afya zaidi. Ikaonekana kinyume: waliopewa walilazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wasiopewa, kwa kiasi cha 12 katika mia, hata sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa mwezi wa Agosti 2003. Habari zake zilitangazwa mwaka 2006, na madaktari wa dunia nzima wakabadili mawazo yao juu ya kuwagawia chuma watoto wa nchi za malaria pasipo kuwapima. Lakini walipotazamwa wale waliopimwa kwanza wakaonekana kuwa kweli wamepungukiwa na chuma, na ambao malaria yao ilitibiwa vizuri, hao walifaidika. Maana yake ni wazi: mpelekeni mtoto apimwe damu na malaria, iwe ni zahanati ya mtaa au hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, na dawa aiandike anayejua uzito wa mtoto. Akiisha kuandikiwa, mpeni kwa miezi yote aliyoambiwa, wala msishtuke choo kikiwa cheusi, ndiyo desturi ya dawa hiyo. Na chupa iwekwe juu kabisa ya kabati, kwa sababu vidonge vya chuma vikimezwa vingi na mtoto ni sumu mbaya.

Limebaki jambo la malezi. Nyumba nyingi zenye mtoto wa namna hii hugeuka kuwa nyumba za hofu. Mtoto ataka simu ya baba, apewa. Ataka soda, apewa. Amempiga dada yake, asiambiwe neno asije akakata pumzi. Akifika miaka mitatu huwa ndiye mwenye amri nyumbani, na wakubwa wote wamtazama midomo kabla ya kusema hapana. Huu si upole. Yeye hakukusudia kuzimia, lakini atajifunza upesi kuwa kuzimia kwaleta soda. Kisu kikikatazwa kikatazwe, na akizinduka asipewe kisu, asibembelezwe kwa pipi, wala asipigwe. Akumbatiwe kidogo, kisha kazi za nyumba ziendelee. Linalofaa kuepukwa ni kilio kisicho cha lazima. Mtoto mwenye njaa au aliyechoka hukata pumzi upesi zaidi, basi alishwe na alazwe kwa wakati. Na kabla sauti haijakatika mama anayo nafasi ya kumgeuza macho kwa kumwonyesha kuku au kugonga sufuria. Ikiisha kukatika nafasi hiyo imepita.

Baba na mama wakubaliane mbele ya bibi, na bibi aelezwe kwa heshima na mwanawe mwenyewe, si na mkwewe, kwa sababu maneno hayo hayo hupokewa vingine yatokapo kinywa kingine. Aelezwe pia msichana asaidiaye kazi za nyumbani, ambaye mara nyingi ndiye ashindaye na mtoto, na ambaye akiachwa gizani huweza kumtikisa mtoto kwa hofu ya kufukuzwa. Mtoto akianza chuo angali na desturi hii, mwalimu ajue: huyu akishtuliwa kwa bakora huenda akaanguka akiwa mweupe, na wenzake arobaini wakatawanyika wakipiga kelele za jini. Na kama mmoja wa nyumbani ana simu yenye kamera, wakati mwingine apige picha ya mwendo tangu kilio hadi kuzinduka, wakati mwenziwe amekaa na mtoto, ampelekee daktari. Daktari akitazama picha ya sekunde arobaini hujua mengi kuliko atakayoambiwa na watu watano wanaosema kwa pamoja.